Usiku wa mtoto mwenye Duchenne: Oksimita haisemi yote

MTOTO anayeamka akiumwa kichwa, akakataa chai na kusinzia darasani, hudhaniwa ana malaria, au uvivu. Kwa mvulana mwenye maradhi ya Duchenne, yanayodhoofisha misuli tangu utotoni, dalili hizo zaweza kumaanisha kwamba usiku hapumui vya kutosha.

Chanzo kimo katika usingizi wenyewe. Mtu aotapo ndoto, misuli ya kifua hulegea na kazi ya kupumua huachiwa kiwambo kilicho chini ya mapafu. Kiwambo nacho kikiwa dhaifu, pumzi huwa fupi na hewa ya ukaa hujikusanya katika damu, ilhali mchana mtoto huyo huonekana hana tatizo lolote la kupumua.

Ndiyo maana mwongozo wa British Thoracic Society wa mwaka 2012 ulitaka watoto ambao misuli imewadhoofikia hata wasiweze kutembea wapimwe kupumua kwao usingizini walau mara moja kwa mwaka. Kumlaza hospitali mtoto wa kiti cha magurudumu, ugenini na amezungukwa na nyaya, si jambo jepesi. Hivyo baadhi ya hospitali huipa familia kifaa. Mzazi humvisha mwanawe kidoleni jioni, na asubuhi kumbukumbu za usiku mzima hurudishwa kwa wataalamu.

Hapo ndipo penye mtego. Oksimita hupima oksijeni tu, na oksijeni yaweza kubaki juu wakati hewa ya ukaa imekwisha kupanda. Kipo kipimo cha hewa hiyo kinachobandikwa kwenye ngozi, lakini ni ghali, chataka kurekebishwa mara kwa mara, na mtoto akigeuzwa hubanduka.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, ambako oksimita ndogo zilipata umaarufu wakati wa UVIKO-19, kuna la ziada. Utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulionyesha kuwa upungufu wa oksijeni usioonekana kwenye kifaa hicho ulikuwa karibu mara 3 zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Wagonjwa hao walikuwa watu wazima, lakini mwanga unaopita kidoleni ni ule ule.

Kosa jingine ni kukimbilia mtungi. Oksijeni peke yake hupandisha tarakimu kwenye kioo na kumtuliza mzazi, huku hewa ya ukaa ikizidi kulundikana. Kinachohitajika ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa usiku. Takwimu za Newcastle, Uingereza, zilizochapishwa mwaka 2002, zilionyesha kuwa wagonjwa wa Duchenne wa miaka ya 1960 walifariki wakiwa na wastani wa miaka 14.4, waliosaidiwa na mashine tangu mwaka 1990 walifikia miaka 25.3.