Mwajiri Aliyepelekewa Malalamiko Hana Ruhusa ya Kunyamaza

Mwezi Februari 2023 Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilitangaza habari za wanawake wa mashamba ya majani chai ya Kericho, nchini Kenya. Zaidi ya 70 kati yao walieleza jinsi walivyonyanyaswa kingono na wasimamizi wao. Katika habari ile lipo jambo lililotushtua kuliko mengine. Mwandishi aliyejifanya mtafuta kazi alihudhuria kikao cha kuwapokea wafanyakazi wapya, akamsikia meneja akihutubia kwamba kampuni haivumilii unyanyasaji huo. Kisha meneja huyo huyo akamwalika hotelini.

Kanuni basi ilikuwapo, na sheria ilikuwapo. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atoe, baada ya kushauriana nao, tamko linaloeleza unyanyasaji wa kingono ni nini, mfanyakazi apeleke wapi kilio chake na mkosaji atachukuliwa hatua gani. Jina la mlalamikaji nalo lisitajwe, isipokuwa pale uchunguzi au hatua za nidhamu zinapolazimu. Kilichokosekana ni mtu wa kusikiliza na kutenda.

Tunayasema haya tukijua kuwa katika safu zetu za sala wamo waajiri: wenye maduka, wenye mabasi, wenye shule. Mwenye wasichana watano dukani asidhani kwamba idadi ya 20 imemtoa katika lawama. Idadi hiyo ni ya tamko tu. Unyanyasaji wenyewe, uwe umefanywa na mwajiri, na mwakilishi wake au na mfanyakazi mwenzake mlalamikaji, umeelezwa katika kifungu hicho hicho bila kutazama ukubwa wa biashara.

Lakini tunajua kinachotokea. Binti akisema, huambiwa kwanza anyamaze asijifedheheshe. Akishikilia, huulizwa alivaa nini. Wachuma chai wa Kericho walikuwa na vikapu mgongoni, sijui mavazi yao yalimwita nani! Wapo pia wanaolitaja neno sitara, na hapa hatuwatoi baadhi ya wazee wa kamati zetu. Sitara ni ya kulinda heshima ya aliyedhulumiwa. Vipi igeuzwe pazia la msimamizi anayebaki na funguo za ofisi, ilhali aliyelalamika ndiye anayehamishwa au kuachishwa kazi?

Wala hatusemi kila anayetuhumiwa ahukumiwe kwa neno moja. Kifungu cha 41 cha sheria hiyo kinampa naye haki ya kuelezwa kosa lake kwa lugha anayoifahamu, akiwa na mwenzake, na kusikilizwa kabla hajafukuzwa. Uchunguzi wa haki unamfaa hata yeye, kama hana hatia. Mwajiri anayelitia lalamiko kwenye mtoto wa meza hamtendei haki yeyote.

Tunamtaka basi kila mwajiri anayetusoma amtaje, kabla ya Ijumaa ijayo, mtu wa kupokea malalamiko mahali pake pa kazi. Asiwe msimamizi wa wanaolalamika, na penye wafanyakazi wanawake awe mwanamke. Jina lake libandikwe mahali ambapo hata mfagiaji ataliona.