Tamko la Wafugaji wa Kuku wa Rungwe Kuhusu Mafunzo ya Wanafunzi wa Tiba ya Mifugo

1. Sisi, wanachama wa umoja wa wafugaji wa kuku wa mji wa Tukuyu na vijiji vya Wilaya ya Rungwe, tunatoa tamko hili kwa umma, kwa vyuo na kwa mamlaka za mifugo, kuhusu namna wanafunzi wanavyofundishwa magonjwa ya kuku katika mabanda yetu.

2. Rungwe inasifika kwa maziwa, chai na ndizi. Kuku hawasifiwi. Mwanafunzi anayeletwa kwa mafunzo ya vitendo hupelekwa kwanza kwenye zizi la ng'ombe, na bandani hufika muda ukibaki.

3. Ng'ombe hutibiwa mmoja mmoja. Kuku hutibiwa kundi zima, na mara nyingi mzoga wa mmoja ndio unaowaokoa waliobaki. Asiyewahi kuupasua hajajifunza. Kwenye Gumboro ataona kifuko kilicho karibu na tundu la haja kimevimba, na michirizi ya damu katika misuli ya paja. Kwenye kuhara damu ataona utumbo uliojaa damu. Ugonjwa huu hustawi katika maranda yaliyolowa, nasi mvua tunayo ya kutosha. Kuku aliyepinda shingo na kuharisha kijani sisi humwita mgonjwa wa mdondo, na aghalabu hatukosei. Hata hivyo, homa ya mafua makali ya ndege huweza kuleta dalili zinazokaribiana nazo, na hapo jicho la mwalimu halitoshi. Sampuli haina budi kufika maabara.

4. Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003 imeweka Baraza na utaratibu wa kuwasajili watoa huduma. Mwanafunzi bado hajafika huko. Kwa hiyo hatutambui dawa yoyote aliyoiagiza pasipo msimamizi wake. Unga wa oksitetrasaiklini uliotiwa katika maji ya kuku wenye mdondo hauui kirusi. Huacha mabaki katika yai, na yai hilo linauzwa sokoni kwa jirani.

5. Mabanda yetu yako wazi kwa wanafunzi, kwa masharti yafuatayo:

(a) Msimamizi aliyesajiliwa awepo bandani, si kwa simu.

(b) Ziara ianzie kwa vifaranga ndipo iende kwa kuku wakubwa, na kwa wazima kabla ya wagonjwa. Viatu visafishwe na kuchovywa katika dawa mlangoni. Aliyepasua mzoga asiingie banda jingine siku hiyo.

(c) Matokeo yarudi kwa mwenye kuku, kwa maandishi na kwa Kiswahili. Sharti hili halina mjadala. Mzoga ni mali ya mfugaji. Ameutoa ili mtoto wa mwenzake asome. Haiwezekani jibu la maabara likaishia katika ripoti ya chuo huku mwenye banda akinunua vifaranga wengine na kuwaweka juu ya maranda yaleyale.

6. Tunaviomba vyuo, kikiwemo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na kampasi za Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, vipange mafunzo ya vitendo yaendane na mizunguko ya chanjo vijijini. Chanjo ya I-2 dhidi ya mdondo, inayozalishwa Kibaha, ni tone moja katika jicho moja, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Kazi hiyo hufanyika alfajiri, kuku wa kienyeji wakiwa bado ndani. Tunafahamu kwamba ratiba za masomo huanza baadaye, kuku hawajaziona.

7. Kuanzia tarehe ya tamko hili, mwanachama hatapokea kundi la wanafunzi lisilotimiza masharti ya aya ya 5. Banda lenye vifo vya ghafla litafungwa kwa wageni wote, wanafunzi wakiwemo, na taarifa itapelekwa siku hiyohiyo kwa afisa mifugo wa kata.

Limetolewa Tukuyu, kwa niaba ya wanachama wote.