Tahadhari: Ukiuziwa Pochi ya Kripto Yenye Maneno Tayari, Usiweke Hata Senti

Kama umenunua kifaa cha kuhifadhia sarafu za kripto, ukafungua boksi na kukuta kadi yenye maneno 24 yaliyokwisha kuchapishwa, usiweke pesa humo. Kama umeshaweka, ruka hadi aya tatu za mwisho, hamisha pesa zako, kisha urudi hapa. Aliyekuwekea kadi hiyo ana nakala yake na anangoja tu salio linone.

Natoa onyo hili kwa sababu najua njia ambazo vifaa hivi huwafikia watu wetu. Watengenezaji wanaojulikana zaidi, Ledger wa Ufaransa na Trezor wa Jamhuri ya Cheki, wako mbali, na usafirishaji unaongeza gharama. Kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam au Nairobi humwagiza jamaa anayetoka Dubai, au hununua kwa muuzaji aliyemwona Instagram mwenye bei ya chini kidogo. Kila mkono uliolishika boksi hilo ungeweza kulifungua na kulifunga tena.

Ili uone hatari ilipo, elewa kwanza kwamba sarafu zako hazimo ndani ya kifaa. Zimeandikwa kwenye daftari la wazi linalotunzwa na maelfu ya kompyuta duniani kote. Kifaa kinatunza ufunguo wa siri wa kuzitumia, na yale maneno 12, 20 au 24, yanayotolewa kwenye orodha maalumu ya maneno ya Kiingereza, ndiyo ufunguo huo ukiwa umeandikwa. Mwenye maneno hahitaji kifaa chako wala namba yako ya siri. Atayaingiza kwenye kifaa chake, popote alipo, na salio lote litakuwa lake. Tumejifunza kwa machungu kutomtajia mtu namba ya siri ya M-Pesa, lakini hata ikivuja bado una pa kupiga simu, na ukiwahi muamala unaweza kuzuiwa. Huku hakuna wa kumpigia, na muamala ukishathibitishwa haurudi.

Wizi wa kadi iliyochapishwa si jambo la kubuni. Mapema mwaka 2018 iliripotiwa habari ya mtu aliyenunua Ledger kwa muuzaji wa eBay. Ndani ya boksi alikuta kadi ya kukwangua, kama ya vocha ya simu, yenye maneno tayari. Akafuata maelekezo, akaweka akiba yake, ikachukuliwa yote.

Kisa cha 2023 kinanitisha zaidi, kwa kuwa mwathirika hakupewa kadi yoyote. Wataalamu wa kampuni ya usalama ya Kaspersky walichunguza Trezor Model T iliyonunuliwa kwenye tovuti ya matangazo ya biashara. Boksi na stika zake vilionekana halali, na skrini ilifanya kazi kama kawaida. Walipokipasua wakakuta chipu imebadilishwa na programu ya ndani imechezewa. Badala ya kutunga maneno mapya, kifaa kilikuwa kinatoa seti moja kati ya 20 ambazo mwizi alikwisha kuziandaa. Bitkoini 1.33 ziliondoka wakati kifaa hakijachomekwa kwenye kompyuta yoyote. Basi stika nzima isikutulize. Nunua kwa mtengenezaji mwenyewe, au kwa wakala aliyetajwa kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kifaa kilichotumika usikiguse, hata kikiwa cha rafiki.

Kuna na wanaokufuata baada ya kununua. Mwaka 2020 kumbukumbu za wateja wa Ledger ziliibiwa, na Desemba ya mwaka huo zikamwagwa hadharani: barua pepe takriban milioni moja, na kwa wateja wapatao 272,000 majina, namba za simu na anwani za nyumbani. Mwaka uliofuata baadhi yao walipokea kwa posta kifaa ambacho hawakukiagiza, pamoja na barua inayodai kuwa ni mbadala ulio salama zaidi. Ndani palikuwa pameunganishwa flashi, na maelekezo yalimtaka mteja achomeke kwenye kompyuta na kuandika maneno yake 24. Mwaka 2025 zikaja barua za karatasi zenye nembo ya kampuni na msimbo wa QR, zikimtaka mteja athibitishe pochi yake asije akafungiwa. Kampuni halali haikuulizi maneno hayo kamwe, iwe kwa barua, kwa simu, kwa Telegram au kwa mtu anayejiita huduma kwa wateja. Atakayeuliza ni mwizi, na huna haja ya kusikiliza sababu yake.

Hata duka rasmi la programu halikulindi kikamilifu. Novemba 2023 programu bandia iliyojiita ya Ledger ilipenya kwenye duka la Microsoft, na watu walioipakua wakapoteza zaidi ya dola 500,000. Anza kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa kuandika anwani yake mwenyewe herufi kwa herufi. Usibofye tangazo linalotokea juu ya matokeo ya Google.

Sasa uandaaji wenyewe. Ukiwasha kifaa kipya, kinapaswa kukupokea kikiwa kitupu: hakina namba ya siri, hakina maneno, na kinakuuliza kama unataka kuanza upya. Kikidai namba ya siri ambayo hukuiweka, au kijitabu kikikupa namba ya kuanzia, kizime. Ruhusu programu rasmi ikikague na kukisasishia programu ya ndani. Kisha chagua kutengeneza pochi mpya, uwe peke yako, mbali na kamera ya dukani au ya ofisini. Maneno yatatokea kwenye skrini ya kifaa chenyewe. Yaandike kwa kalamu, kwa mpangilio wake, na usiyasome kwa sauti.

Usiyapige picha. Hapa naomba unisikilize sana, kwa sababu ndipo waangalifu wengi wanapoangukia. Simu hupeleka picha kwenye hifadhi ya mtandaoni bila kukuuliza tena. Februari 2025 Kaspersky walifichua kirusi walichokiita SparkCat, kilichojificha ndani ya programu za kawaida kwenye maduka ya Google na Apple pia. Kilikuwa kinasoma maandishi yaliyomo kwenye picha za simu, kikitafuta maneno ya pochi. Moja ya programu hizo ilikuwa ya kuagiza chakula katika Falme za Kiarabu, wanakoishi ndugu zetu wengi. WhatsApp ya kujitumia mwenyewe, barua pepe na daftari la simu vina hatari ileile. Tumia karatasi, nakala mbili, sehemu mbili tofauti. Kama unaishi panapofurika maji, zichonge kwenye bamba la chuma.

Kabla ya kuweka pesa ya maana, tuma kiasi kidogo, futa kifaa, kirejeshe kwa maneno uliyoyaandika, na uhakikishe salio linaonekana. Ukikosea neno moja utaligundua leo, si siku kifaa kitakapoanguka majini. Na kila unapopokea au kutuma, linganisha anwani kwenye skrini ya kifaa, kwa kuwa vipo virusi vinavyobadilisha anwani uliyoinakili kwenye kompyuta.

Kama tayari maneno yako yameonwa na mtu, yamepigwa picha, yameandikwa kwenye tovuti, au yalikuja yamechapishwa, kubadilisha namba ya siri hakusaidii kitu. Namba hiyo inalinda kifaa tu. Unahitaji maneno mapya kabisa. Kama kifaa ulikinunua kwa mtengenezaji, hakikisha maneno ya zamani bado unayo, kifute, tengeneza pochi mpya na unakili anwani zake, kisha kifute tena, kirejeshe kwa maneno ya zamani na utume sarafu zote kwenye anwani mpya, ukianza na zenye thamani kubwa. Ukimaliza, kifute na ukirejeshe kwa maneno mapya.

Kama kifaa chenyewe kina shaka, usisubiri kingine kifike. Zihamishe leo kwenye pochi mpya ya simu isiyo na programu za kuokoteza, au kwenye akaunti yako ya soko la kripto linalojulikana. Si makao ya kudumu, lakini ni afadhali kuliko pochi ambayo mwizi ana ufunguo wake.

Na kama pesa zimeshaondoka, nakili namba ya muamala na anwani zilikokwenda, upeleke taarifa polisi, kwenye kitengo cha makosa ya mtandao. Iarifu pia soko la kripto ikiwa unaona sarafu zimeingia huko, kwani soko linaweza kuzuia akaunti. Watakufuata watu wanaojitambulisha kama wataalamu wa kurejesha kripto, wakidai malipo ya awali au wakikuomba maneno ya pochi yako nyingine. Usiwajibu, na usiwatumie hata shilingi.