Barua ya wazi kwa Kamishna wa Forodha: Mwenye mzigo aione kadhia yake

Kwa Kamishna wa Forodha na Ushuru wa Bidhaa,
Mamlaka ya Mapato Tanzania,
Dar es Salaam.

Ndugu Kamishna,

Mimi ni wakala wa forodha mwenye leseni, na ofisi yangu iko Dar es Salaam, mahali ambapo honi za malori ya bandarini zinasikika kutwa. Nakuandikia hadharani kwa sababu ombi langu linawahusu watu wasiofika ofisini kwako, yaani wenye mizigo. Naomba kila kadhia, yaani tamko la mzigo kwa forodha, inapowasilishwa kwa namba ya mlipakodi ya mtu fulani, mtu huyo aione siku hiyohiyo kwenye simu yake, bila kupitia kwangu wala kwa wakala mwingine yeyote.

Wenzangu wakifika hapo watauliza nimerogwa na nani. Wanivumilie.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 imeniweka mahali pa ajabu. Kifungu cha 147 kinasema ninapofanya jambo kwa niaba ya mwenye mzigo, kwa macho ya sheria mimi ndiye mwenye mzigo, na ushuru ukipungua nadaiwa mimi binafsi. Lakini kifungu hichohicho hakimwachilii mwenye mzigo halisi, na cha 148 kinamwongezea: anabeba matendo na maneno ya wakala aliyemtuma, na anaweza kushtakiwa kwa hayo. Kinga aliyopewa ni moja tu, kwamba hafungwi jela kama kosa halikufanyika kwa kujua na kuridhia kwake. Faini na madai hayana kinga hiyo. Tumetiwa wawili ndani ya deni moja, na sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwamba karatasi inayozaa deni anaiona mmoja.

Nikupe kisa. Dada mmoja anayeingiza mitumba alikuja kwangu na barua ya madai, baada ya ukaguzi unaofanywa mzigo ukishatoka. Kontena lake la futi 40 lilikuwa limegombolewa miaka miwili nyuma. Aliyemgombolea ni kijana aliyeelekezwa na jirani wa duka. Walikutana mgahawani karibu na bandari, na mengine yote yakaenda kwa WhatsApp. Alinionyesha ujumbe aliotumiwa wakati ule. Ulikuwa na maneno matano, “ushuru, meli, bandari, TBS, vijana”, na chini yake jumla moja tu: milioni 52. Hakuna mgawanyo. Alilipa zote, siku hiyohiyo.

Tukaifungua kadhia. Jina la kampuni ya wakala lililokuwa pale hajawahi kulisikia maishani mwake. Mzigo ulikuwa umegawanywa mara mbili: mabelo 400 ya nguo za mitumba, na mabelo 140 ya matambara.

“Kaka,” akaniambia, “mimi matambara nimeyauza wapi? Nilishusha mabelo 540 ya nguo, nikayahesabu mwenyewe na kalamu mkononi.”

Wewe, Ndugu Kamishna, umeshaona kilichofanyika, lakini barua hii inasomwa na wengi, kwa hiyo nieleze. Mitumba iko kwenye kichwa namba 6309, matambara kwenye 6310. Ili nguo ikae 6309, lazima ionekane kweli imevaliwa, na ije kwa wingi wake au ndani ya mabelo, magunia au vifungashio vya namna hiyo. Matambara ni ile iliyochakaa au kuchanika kiasi kwamba haivaliki tena. Kazi yake ni kufutia mashine. Katika Jedwali la Ushuru wa Pamoja mitumba inatajwa kulipa asilimia 35 ya thamani, au senti 40 za dola kwa kilo, kwa kuangalia kipi kikubwa. Nguo za thamani ndogo hupimwa kwa kilo. Belo moja lina kilo 45, kwa hiyo mabelo 140 ni kilo 6,300, na ushuru wake ni dola 2,520. Kwa kuyaita matambara na kuyaandikia thamani ya kutupwa, aliyejaza kadhia alilipa dola 120. Uzito wa kontena zima haukubadilika hata kilo moja, kwa hiyo kwenye hati ya shehena hapakuwa na cha kushtua.

Kilichomuumbua dada huyu ni uaminifu wake. Risiti zake za mashine ya EFD zilionyesha ameuza nguo, mabelo yote. Pengo la dola 2,400 likawekewa riba, ambayo sheria imeitaja kuwa asilimia 2 kwa mwezi, yaani dola 48. Kwa miaka miwili hiyo ni dola 1,152, kabla hujagusa kodi ya ongezeko la thamani wala faini. Na forodha ina hadi miaka mitano kudai kilichopungua, au zaidi kukiwa na udanganyifu. Yule kijana wa mgahawani namba yake haipatikani.

Fedha ya ushuru kamili ilitoka mfukoni mwa dada huyu. Haikufika. Hakuwa na namna ya kujua kwamba haikufika, kwa sababu kadhia ni kitu kinachopita baina ya wakala na mfumo. Yeye hupewa kontena langoni, na kontena likishatoka kila mtu huamini mambo yamekwenda sawa.

Watu wa aina ya yule kijana tunawaita vishoka, na mara nyingi tumekuja kwenye mikutano kukuomba uwasake. Nimechoka na ombi hilo. Kishoka hana mlango wa kuingilia kwenye mfumo. Anaingia kwa nywila ya kampuni yenye leseni, na mwenye leseni analipwa chake kwa kila kadhia bila hata kusoma kilichoandikwa. Tukisema ukweli, leseni zinakodishwa na sisi wenyewe. Msako utamkamata anayezurura na bahasha ya kaki, na kesho nywila ileile itakuwa mkononi mwa mwingine. Lakini kama dada yule angepata ujumbe kwenye simu jioni ile, wenye jina la kampuni iliyowasilisha, aina ya bidhaa, kilo, thamani na kila kodi kwa kiasi chake, angesoma neno “matambara” akapiga kelele kabla kontena halijatoka.

Na wanaokwenda kwa vishoka si wajinga. Wakala mwenye ofisi na wafanyakazi hupenda mzigo mkubwa, na mwenye katoni kumi tunamzungusha mpaka anachoka. Gharama zetu nazo tunazieleza kama waganga. Mtu akiuliza ada ya wakala ni kiasi gani, anajibiwa kwa jumla, humohumo ushuru, humohumo storeji, humohumo faida yetu. Mteja aliyezoeshwa jumla na sisi wenye leseni atashangaa nini akipewa jumla na kishoka? Ujumbe wa simu ungetuumbua na sisi, maana kodi ya serikali ingesimama peke yake na kinachobaki kingelazimika kujieleza. Naona hiyo ni faida.

Nisieleweke kwamba kazi yetu ni ya kughushi na kukimbiza mihuri. Wakala mzuri huanza kazi meli ikiwa bado baharini. Anakaa na ankara na orodha ya vifurushi, anauliza maswali ya kuudhi: hii cherehani ni ya nyumbani au ya kiwandani, maana kila moja ina msimbo wake, nauli iliyoandikwa inaishia bandari gani, cheti cha ubora kimetolewa kabla au baada ya mzigo kupakiwa. Sheria inatoa siku 21 tangu meli ianze kushusha ili kadhia iwasilishwe, lakini atakayezisubiri zote atakuwa amekula faida yake kwa storeji na dimareji, yaani tozo ya kuchelewesha kontena. Anayesafirisha mzigo wa kwenda Lubumbashi au Lusaka huweka na dhamana, na shehena ikipotea njiani, inayodaiwa ni ile dhamana. Tangu Himaya Moja ya Forodha ianze mwaka 2014, wakala wa Kigali au Kampala anaweza kushughulikia mzigo wa nchi yake katika bandari yetu, na ushindani huo umetufanya tusome. Kazi hii ina cheti chake cha Afrika Mashariki, ina mitihani. Inauma kuona jina lake limebaki la mtu wa kati anayekula tu.

Wapo wanaosema dawa ni kumwondoa wakala kabisa. Mkataba wa Uwezeshaji wa Biashara wa WTO, ulioanza kutumika Februari 22, 2017, umezizuia nchi wanachama kuanzisha sharti jipya la kumtumia wakala kwa lazima, ingawa nchi zilizokuwa nalo tangu awali hazikulazimishwa kulifuta. Mimi sioni ubaya mwenye kiwanda na mhasibu wake akaruhusiwa kujigombolea mwenyewe akitaka. Wengi wakijaribu watarudi kwetu, na watakuja wakijua wanachonunua. Mkataba huohuo unataka masharti ya leseni za mawakala yawe wazi na yasiwe ya upendeleo, na hapo ndipo ningependa tuanze: kampuni ambayo nywila yake imekutwa kwa mtu asiye mwajiriwa wake ipoteze leseni, na jina lake litangazwe.

Kuna kundi moja ambalo ujumbe wa simu hautalifikia kirahisi, nalo ni wale wanaochangia kontena kutoka Guangzhou au Yiwu. Kontena moja lina watu thelathini, kadhia ni moja, kwa jina la msafirishaji au la mtu ambaye hakuna kati yao anayemfahamu. Mama mwenye katoni nne za vyombo analipa kwa ukubwa wa katoni na hapewi karatasi yoyote ya forodha. Akiulizwa dukani mzigo huu umeingiaje nchini, hana cha kuonyesha, ingawa kodi ilikuwa ndani ya bei aliyolipa. Kwa hawa inahitajika orodha ya wenye mali, iambatanishwe na kadhia, na kila mmoja apate kipande chake. Ni kazi ya kuchosha kuliko ya kwanza, na wasafirishaji wataipinga kwa sauti kubwa.

Jambo la mwisho ni la haki ambazo tayari zimeandikwa. Mwagizaji akiomba kwa maandishi, anastahili kuelezwa kwa maandishi thamani ya mzigo wake imefikiwaje. Asiporidhika na uamuzi, kifungu cha 229 kinampa siku 30 kuomba upitiwe upya, nawe una siku 30 kumjibu. Zikipita kimya, ombi lake linahesabika limekubaliwa. Ni wateja wachache mno niliokutana nao wanaoijua haki hiyo, na siku hizo 30 zinahesabiwa tangu uamuzi, wakati mwenye mzigo husikia habari wiki kadhaa baadaye, tena kwa mdomo wa wakala. Ujumbe ninaouomba uwe na mstari mmoja wa nyongeza unaotaja tarehe ya uamuzi na siku ya mwisho ya kuupinga.

Benki inanijulisha ndani ya dakika moja ikinikata hata shilingi mia tano. Namba ya mlipakodi tayari imesajiliwa na simu ya mwenyewe. Kama ujumbe una gharama, ziwekwe kwenye ada ya kadhia. Mimi nitalipa za wateja wangu. Ukitaka kulijaribu kwanza, anza na mitumba, vitenge na vipuri vya magari, kwa miezi mitatu, hapa Dar es Salaam tu, uone ni kadhia ngapi zitakazopigiwa simu na wenye nazo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Wakala wa forodha,
Dar es Salaam.