Wati za rezista si wati za spika

Haya jamani, leo nina hasira kidogo, mnisamehe mapema.

Jumamosi iliyopita kijana wa ploti yetu hapa Umoja aliniletea sinthesaiza yake ndani ya kartoni la viatu. Ameitengeneza mwenyewe, hongera zake. Lakini ndani kuna rezista 46, karibu zote za wati 2, zimesimama wima kama nguzo za stima kwa sababu hazikuenea kulala kwenye ubao. Nikamuuliza nani alimshauri. "Brathe, jamaa wa duka kule Luthuli alisema hizi ndizo za nguvu, zile ndogo ni za redio."

Pesa zikaishia hapo. Rezista moja ilikuwa imebaki, akaing'oa kwenye redio mbovu: ya robo wati. Na hiyo moja ndiyo iliyoungua mpaka mistari yake ya rangi haisomeki.

Najua ugonjwa huu ulikotoka. Huku Eastlands wati ni sifa. Matatu unaisikia kabla hujaiona, na mtu akinunua redio ya nyumbani anauliza wati kwanza, mengine baadaye. Sasa tumeihamishia akili hiyo kwenye rezista, na huko haina kazi. Wati za rezista hazileti sauti wala ubora. Ni kiasi cha joto inachoweza kuvumilia, basi. Mkokoteni wa Gikomba unaobeba kilo 500 ukiupa kilo 5 za vitunguu hauzibebi vizuri zaidi. Unaziba njia tu.

Mimi ni mtu wa programu, si wa stima, lakini hesabu yenyewe ni ya sekondari: zidisha volti kwa volti, gawanya kwa omu, umepata wati. Tuchukue hali mbaya kabisa. Sinthesaiza nyingi za kujitengenezea hutumia volti 12 chanya na 12 hasi, kwa hivyo rezista moja ikilala kati ya nyaya hizo mbili inapata volti 24. Mara 24 ni 576. Kwa rezista ya omu 100,000 hiyo ni miliwati 6 hivi. Ile ndogo ya robo wati inavumilia 250! Ukitaka kuwa mwoga kama mimi, usiipitishe nusu ya uwezo wake. Hata hivyo kuanzia omu 4,700 kwenda juu huna haja ya kufikiria tena. Na sinthesaiza karibu yote ni rezista za namna hiyo.

Turudi kwa iliyoungua. Kijana alitaka volti 5 za kulisha chipu inayosoma vibonyezo, akazipata kutoka volti 12 kwa rezista ya omu 100 na dayodi ya zena. Volti 7 zinabaki juu ya rezista. 49 gawanya kwa 100, nusu wati, saa zote, hata usipopiga noti moja. Umeweka ya robo. Ingetakiwa ya wati 1.

Mtego mwingine ni taa za LED. Omu 330 kwenye volti 12 watu hunakili tu kutoka kwa michoro ya volti 5, halafu rezista inabeba wati 0.3. Weka 1,000 na taa bado inaonekana vizuri, pengine hata inaumiza macho.

Kuna watakaosema, "Si ni usalama tu, kubwa haidhuru." Haidhuru nani? Miguu ya zile nguzo ilikuwa inagusana, na pesa za rezista moja iliyostahili zilimezwa na 45 zisizohitaji. Ni sawa na kuongeza memori kwenye kompyuta badala ya kupima programu inakwama wapi. (Nimefanya kazi na watu hao.) Na wauzaji, kabla ya kusema "chukua ya nguvu", muulizeni mtoto wa watu: volti ngapi, omu ngapi?

Nilikuwa na ya wati 1 kwenye droo. Tukaibadilisha, ikanguruma mpaka jirani akagonga ukuta.

Kama kuna mchoro wa sinthesaiza ya volti 12 unaodai wati 2 kwa rezista ya omu 100,000, nileteeni. Nataka kuuona kwa macho yangu.