Sikio Nalo Husoma

Kuna watu wakijua umeisikiliza riwaya badala ya kuifunua, hukutazama kama mwanafunzi aliyeibia majibu. "Basi hukuisoma," husema. Na kama riwaya yenyewe ni ngumu, ndiyo kabisa: hizo, wanadai, si za kusikiliza. Nawapinga, tena kwa kitabu kigumu hasa cha bunilizi ya kisayansi: Dune ya Frank Herbert, ya mwaka 1965.

Mimi ni fundi cherehani. Mikono na macho yangu vina kazi tangu asubuhi; masikio ndiyo yaliyo huru. Saa 21 hivi za kitabu hicho, kwa Kiingereza, nilizimaliza kwa wiki mbili za kukunja pindo na kutia vifungo. Anayeniambia nisubiri nipate nafasi ya kuketi na kitabu ananiambia, kwa adabu, nisisome kamwe.

Hoja yao naijua. Majina ni mengi: Arrakis, Bene Gesserit, Kwisatz Haderach. Kitabu cha karatasi kina orodha ya istilahi mwishoni, nami siwezi kuifunua. Mawazo ya wahusika yamechapwa kwa herufi za mlazo, na sikio halioni mlazo. Ni kweli. Lakini hata mwenye karatasi hupotea katika kurasa za mwanzo. Huvumilia, maana ikamjia kidogo kidogo. Mimi nami huvumilia, na pale ninapokwama hurudisha nyuma nikasikiliza tena.

Kisha tazameni kitabu chenyewe. Wanawake wa Bene Gesserit wana silaha iitwayo Sauti: humsoma mtu, wakatafuta toni itakayomlazimisha kutii. Mwanzoni tu, kijana Paul anaamrishwa kwa toni hiyo, na mwili wake unatii kabla ya akili. Riwaya inayoweka nguvu kooni, mnasema haifai sikioni?

Tena sisi tuna la ziada. Herbert alichota maneno mengi katika Kiarabu. Watu wa jangwani wanamwita Paul Lisan al-Gaib. Mswahili akilisikia hilo haanzi na giza: lisani ni ulimi, ghaibu ni yale yasiyoonekana. Na lugha hii hii husema kusoma kwa ghaibu, yaani bila kutazama kitabu. Tunasoma maulidi, na wengi waliohudhuria hawana hata karatasi mkononi. Tenzi ndefu kama Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, wenye beti zaidi ya 1,000, ni za kughaniwa watu wakasikiliza. Nani aliyewahi kumwambia bibi yake, aliyekaa mkekani hadi ubeti wa mwisho, kwamba kisa hakijui?

Usikilizaji wa ovyo upo, kama ulivyopo usomaji wa ovyo. Wapo waliofunua kurasa zote na hawakubaki na kitu. Kwa hiyo msiniulize kitabu kiliniingia kwa mlango gani. Niulizeni kwa nini Paul anaiogopa vita itakayopiganwa kwa jina lake, na kwa nini bado anashindwa kuizuia. Nikikosa jibu, nichekeni. Nikijibu, nisogezeeni kiti tuzungumze.