Elevateri haiue peke yake: tunakatala neno "bahati mbaya"

Ndugu raia,

Kila mara elevateri inavunja mtu mguu ndani ya depo, hapa Lubumbashi ao kule Kasumbalesa, wakubwa wanaleta neno moja: "bahati mbaya". Wanalipa taksi mpaka hospitali, wanatia franga kidogo mkononi mwa familia, na kesho yake kijana mwingine anasimama pahali pale pale. Sisi tunakatala. Ile si bahati, iko hesabu.

Bando moja ya kathodi ya shaba inaweza kupita tani 2. Ukiinyanyua juu na kukata kona mbio, mashine inapinduka. Mzigo ukifunika macho ya shofere, anapashwa kwenda kinyumenyume; asipofundishwa, anaenda mbele sawa kipofu. Wenye kutembea kwa miguu wanapashwa kuwa na njia yao. Na meno ya elevateri si ngazi ya kupandisha watu. Mambo haya wote wanayajua. Hayafanywi kwa sababu jurnalie anaonekana bei rahisi kuliko breki mpya.

Kisha wanasema: "Huyu si mtu wetu, ni jurnalie tu." Uongo! Sheria ya Kazi ya 16 Oktoba 2002, kifungu cha 40, iko wazi: mwenye kutumika siku 22 ndani ya miezi 2, akichukuliwa tena mbele miezi hiyo iishe, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa muda usio na kikomo. Na mchango wa hatari za kazi kwa CNSS unalipwa na mwajiri peke yake. Anayeficha majina ya watu wake anawavunja mara mbili: kwanza mguu, kisha haki.

Tunadai:
- Jurnalie wote waandikwe CNSS toka siku ya kwanza.
- Asiye na mafunzo asishike usukani, hata bosi akimusukuma.
- Kila ajali itangazwe kwa Inspeksio ya Kazi na kwa CNSS.
- Inspeksio iingie mpaka ndani ya depo, isiishie ku biro kunywa sukre.

Nanyi ndugu wa depo: andikeni siku mlizotumika, chungeni karatasi za malipo, shikeni majina ya washuhuda. Ukiumia bila karatasi, watasema haukuwa pale.

Hatutanyamaza. Shaba inatoka, watu nao wabaki wazima.

Sisi, vijana raia wa Lubumbashi